Jicho Moja la Mungu, Jicho Moja la Mbwa

Siku tulipomzika Mzee wa Kanisa, kijana mgeni aliyepewa kusoma historia ya maisha yake alisimama kando ya kaburi akatusomea kwamba marehemu, kabla hajaokoka, alikuwa mlevi sugu, mtu wa kulala mitaroni na kupigana na watu sokoni. Waombolezaji waliotoka mbali wakatikisa vichwa, na kwa ndani wakafurahi kidogo, vile watu hufurahi wakisikia mtu ametolewa mbali. Mimi nikamtazama Ndirangu, jirani yetu, aliyekuwa amesimama upande wa migomba. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeona koti lake limevaliwa na mwingine.

"Mama Wambui," akaninong'oneza, "hata leo? Hata akiwa ndani ya sanduku?"

Nikamwambia anyamaze, lakini haki ilikuwa yake. Zile zilikuwa dhambi za Ndirangu. Mzee wa Kanisa hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Aliiogopa.

Ndiyo sababu nimeona heri niandike yangu, na mwandiko wangu huu wa darasa la nne. Mambo ya kuzaliwa kwake, ukoo wake na shule zake yalisomwa pale kaburini, sitayarudia. Jina lake pia sitalitaja. Si kwamba nimelisahau. Hapa Wamagana mimi ndiye huulizwa majina: nawakumbuka wote niliobatizwa nao, na ng'ombe wa baba zao pia, Kamwana, Wamaitu na yule mkali aliyeitwa Serikali. Lakini yeye aliogopa jina lake kuandikwa mahali, hata kwenye karatasi ya mchango wa harusi, ati huwezi kujua itasomwa na nani. Basi namheshimu. Wazee wa kanisa tulikuwa nao wengi, lakini ukisema tu "Mzee wa Kanisa", kila mtu alijua ni yule.

Nianze na mbwa, kwa maana hata yeye alianza nao.

Kwetu kazi ya mzee wa kanisa ni kutembea boma kwa boma aone nani mgonjwa, nani amenuna, nani hajaonekana ibadani. Na katika Tetu yote hakuna boma lisilo na mbwa. Kwa hiyo kazi aliyoitiwa na Mungu na kitu alichokiogopa kuliko vyote vilikaa lango moja. Angesimama nje na mwavuli wake mweusi, jua likiwaka, mvua hakuna, aite: "Hodi! Mbwa amefungwa?" Ukimjibu amefungwa, ndipo angesema, "Bwana asifiwe." Usipojibu, Bwana angengoja. Watoto walimpa jina hilo hilo. Ungewasikia wakipiga mbio njiani: "Mbwa-Amefungwa anakuja! Mbwa-Amefungwa anakuja!" Na akina mama wakaficha karata za vijana na kuweka chai motoni.

Siku moja nilimwuliza, kwa sababu mdomo wangu haujawahi kujua mahali pa kusimama: "Mzee, si wewe hutuhubiria tusiogope?"

"Hiyo msiogope ni ya Shetani, Mama Wambui," akasema, akiniangalia kwa huruma. "Mbwa hawajatajwa."

Na kweli mahubiri yake yalikuwa neno hilo moja. Angepanda mimbarani, ashike kingo kwa mikono miwili, angurume: "Msiogopeee!" Mabati yakalia. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu sote, kilichopanda mlima kikafika juu kimechoka: "Bwana ako mahari hapa, ndugu zangu! Mahari hapa!" Mchungaji wetu, kijana aliyeletwa kutoka Bungoma, alipomsikia mara ya kwanza alifikiri kuna binti anaolewa, akaanza kutazama nani ameleta mbuzi. Lakini hata mchungaji alikubali kwamba hakuna mtu aliyeijua "msiogope" kama mzee huyo. Aliijua vile mgonjwa hujua jina la dawa. Halafu radi ikipiga upande wa Nyandarua, anakatiza neno katikati: "Na tuimbe wimbo wa mwisho." Wakati mwingine ulikuwa ndio wimbo wa kwanza.

Mwea tulienda naye kununua mchele wa harusi, sisi akina mama na yeye kiongozi. Kule mashambani wana mifereji ya maji, na juu ya mfereji wanaweka ubao mmoja tu, na watu wa kule wanaupita na baiskeli, gunia la mchele nyuma, wakipiga mluzi. Mzee wetu alifika kwenye ubao akasimama. Akatuombea sisi. Akauombea mfereji. Akawaombea walioutengeneza ubao na waliokata mti. Kisha akampa mke wake mwavuli, akapiga magoti na suti yake ya kijivu, akavuka kwa miguu minne, na upande wa pili wakulima wakaacha majembe wakampigia makofi. Jumapili iliyofuata alisimama ibadani akasema Bwana amemvusha Yordani. Tuliokuwepo tukaitikia amina, kwa maana tulikuwa tumekula mchele wake.

Sasa niseme juu ya macho, maana bila hilo hutamwelewa.

Mzee wa Kanisa hakufunga macho mawili akiomba. La kulia alilifunga, tena sana, mpaka shavu likapanda juu. La kushoto lilibaki wazi, likizunguka polepole kama la kuku aliyeatamia. Lilitazama mlango, likatazama dirisha, likarudi mlangoni. Kanisa zima lilijua. Vijana walisema, "Jicho moja la Mungu, jicho moja la mbwa," na wakiudhiana shuleni wangefinya jicho moja waseme amina.

Hiyo tabia aliipata soko la Karatina, akiwa kijana. Alikuwa amepeleka mbuzi kuuza. Akapita mhubiri wa sokoni, mwenye sauti, akawakusanya watu kati ya vitunguu na kabichi akawaambia, "Fungeni macho, kila mtu amwone Yesu!" Mzee wetu akafunga yote mawili, kwa moyo safi, kamba ya mbuzi mkononi. Aliposema amina na kufungua, kamba ilikuwa mkononi. Imekatwa vizuri sana. "Mbuzi wangu alienda na amina," alikuwa akisema, na hakucheka hata mara moja. Tangu siku hiyo alimwamini Mungu kabisa. Ni watu waliokuwa karibu na Mungu ambao hakuwaamini.

Na dhambi za Ndirangu je?

Hapa kwetu ukiokoka lazima utoe ushuhuda. Unasimama unasema ulikuwa nani, Yesu akakukuta wapi, sasa uko wapi. Ukikutwa mbali, ushuhuda ni mtamu, watu wanalia, unaalikwa mpaka Othaya na Mukurweini kuurudia. Mzee wetu alipookoka alijitafuta dhambi akakosa. Hakuwa amelewa, kwa maana mlevi huumwa na mbwa. Hakuwa amefuata wanawake, kwa maana wana kaka. Hakuwa ameiba, angeogopa kukimbia gizani. Alibaki na dhambi ndogo ndogo, za kumdanganya mama yake juu ya maziwa, na nani atakupandisha mimbarani kwa maziwa? Basi akaazima za jirani. Ndirangu wakati huo alikuwa mlevi kweli, wa kulala mtaroni na kuamshwa na ng'ombe. Mzee akazichukua zote, mtaro, ngumi na kofia iliyopotea, akazipanga vizuri akazishuhudia kila Jumapili ya ushuhuda, mpaka wageni wakawa wanamwonea fahari.

Ndirangu alipokuja kuokoka naye, uzeeni, alisimama akaanza, "Mimi nilikuwa mlevi wa kulala mitaroni..." na watu wakaguna: huyu naye anaiga ushuhuda wa Mzee. Akaketi bila kumaliza. Alinilalamikia mpaka chai ikapoa: "Ameokoka na dhambi zangu, Mama Wambui. Mimi nibaki na nini?"

Lakini msimcheke mpaka mwisho. Mume wangu Gathogo alipolala kitanda chake cha mwisho, watu walikuja, wakasimama mlangoni, wakasema tuko pamoja katika maombi, wakaenda kukamua. Mzee wa Kanisa aliuliza kama mbwa amefungwa, akaingia, akaketi, akamshika Gathogo mkono. Mvua ikaja na radi. Nikajua sasa ataondoka. Kila ikipiga aliruka kwenye kiti kama mtu aliyechomwa, lakini mkono hakuuachilia. Alikaa mpaka ikaisha, na Gathogo akaisha. Nilipomshukuru akasema, "Kufa siogopi, Mama Wambui. Naogopa kuumwa."

Mimi nililiweka hilo moyoni. Nikiambiwa fulani ni shujaa, mimi huuliza kwanza kama anajua kukaa.

Basi ikawa hilo jicho la kushoto, lile la mbwa, likaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu. Tulimwona tu anagonga milango, anasalimia mashina ya mikahawa. Akaanza pia kwenda kila siku kwa Shiko.

Shiko ni mjane mwenye kibanda cha chai na chapati karibu na kiwanda cha kahawa, na ana binti mmoja aliye chuoni Thika. Mzee alimpenda Shiko kwa sababu moja: Shiko hana mbwa. Na jioni, akimaliza chai, Shiko alimshika mkono akamvusha barabara, kwa vile pikipiki zilikuwa zimemshinda kuona. Watu waliona mkono. Ukungu hawakuuona.

Mke wake akamlazimisha waende hospitali ya macho Nyeri mjini. Nilivyosimuliwa na huyo mke mwenyewe, kwenye ukumbi kulikuwa na kelele kama soko, na muuguzi, msichana wa magharibi kwa jina Nekesa, Kiswahili chake kimenyooka, akammulika mzee na tochi, akamwambia mke wake kwa sauti kubwa:

"Mama, mzee ana mtoto wa jicho. Tena amekomaa. Lazima atolewe."

Sasa sisi jicho tunaliita njisho. Hiyo ch hutupotea ikawa sh, na j hatuitamki kabla ya kuitilia n mbele. Na hilo neno, mtoto wa jicho, hatulijui. Sisi husema tu macho yameingia ukungu. Yule mama, katika kelele ile, alisikia kitu alichokuwa ameshaambiwa na majirani zake kwa minong'ono: mtoto wa Shiko.

"Amekomaa?" akauliza.

"Kabisa. Na upande ule mwingine naona kuna wa pili anaanza."

Mke alikaa chini. Mzee naye, kwa upande wake, hakusikia mtoto wala Shiko. Alisikia "atolewe", akauliza kwa kutumia nini, akaambiwa kwa kisu kidogo, hakuna maumivu. Kabla Nekesa hajamaliza kusema maumivu, mzee alikuwa ameshafika kituo cha magari, na mwavuli.

Walirudi nyumbani kila mtu na msiba wake. Njiani mke akamwuliza:

"Ni kweli yale umeambiwa?"

"Ni kweli," mzee akasema.

"Hayo mambo yalianza lini?"

"Ni zamani kidogo. Yalianza pole pole."

"Na ukanificha!"

"Nilidhani yataisha yenyewe."

"Yataisha aje, na amesema yamekomaa?"

"Usipige kelele, mama. Mimi ni mwoga. Ningekuwa na moyo ningeyamaliza mapema."

Jioni hiyo yule mama alikuja kwangu na nguo zake ndani ya kikapu. Nikampa chumba cha Wambui, na maneno yakaenda zaidi ya pikipiki. Mpaka Ihururu walijua. Binti wa Thika, aliyekuwa na mashavu ya baba yake marehemu kila mtu akimjua, ghafla akapewa mashavu ya Mzee wa Kanisa. Watu wakaacha kunywa chai ya Shiko. Ni Ndirangu peke yake aliendelea, akisema yeye ameshanyang'anywa dhambi, hatanyang'anywa na chapati. Na wanaume wengine, naona haya kusema, walianza kumtazama mzee kwa heshima mpya. Maisha yake yote alikuwa akitafuta dhambi kubwa iliyo yake mwenyewe, na sasa amepewa, na hata si ya kweli.

Baraza la wazee likakaa. Likaamua atubu mbele ya kanisa. La sivyo arudi benchi ya nyuma na asiguse meza ya Bwana tena. Hakuna aliyemtajia kosa lenyewe. Kwetu kosa la namna hiyo huitwa "hayo mambo", na mwenye nayo anatakiwa ajue. Mzee akajua vingine. Alidhani Nekesa amepiga simu. Alidhani kanisa lote limekasirika, na mke wake amehama, kwa sababu mhubiri wa msiogope amekimbia kisu.

Wiki hiyo alikonda. Nilimpitia nikamkuta ameketi nje, hakupika, jicho jeupe kama maziwa. "Mama Wambui," akasema, "nikitubu hili, nitabaki na nini? Nikisema mimi ni mwoga, ni nani atanisikiliza tena? Na nisiposema, mke wangu harudi." Mimi nikidhani anasema juu ya Shiko, nikamjibu kwa ukali kwamba aseme ukweli wote, na jina. Akasema, "Hata jina la mbwa?" Nikaondoka nikisema huyu akili imekwenda.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Hata watu wa makanisa mengine walikuja kututia moyo. Mke wake aliketi na mimi, kitambaa cheupe kichwani, taya limekaza. Shiko alikuja akaketi katikati, peke yake kwenye benchi, mgongo wima. Mchungaji akamwita mzee mbele. Akashika kingo za mimbari, lakini hakunguruma.

"Ndugu zangu, najua mmesikia," akaanza. "Ni kweli. Nimeficha hii kitu muda mrefu. Mimi ni mwoga."

"Sema wazi!" akaita mama mmoja.

"Naogopa mbwa. Naogopa radi. Naogopa ubao wa Mwea."

"Tunataka ya Shiko!"

"Shiko simwogopi," mzee akasema, akishangaa kabisa. "Shiko hana mbwa."

Kicheko kikaanza nyuma, mchungaji akainua mkono. Mzee akaendelea, sasa machozi yanatoka, hata kwa lile jicho jeupe.

"Na ule ushuhuda wangu wa kulala mtaroni, si wangu. Ni wa Ndirangu. Mimi sikuwa na dhambi ya kutosha kanisa hili. Ndirangu, simama uchukue."

Ndirangu akasimama nyuma, akavua kofia. "Nimepokea," akasema.

"Dhambi yangu ni hii. Sijawahi kumwamini Mungu na macho mawili. Moja nimempa, lingine nikabaki nalo nijilinde. Na lile nimebaki nalo ndilo limeharibika. Naambiwa litengenezwe na kisu, na mimi nimekimbia. Naogopa kulala pale macho yote mawili yamefunikwa, nisijue nani anakuja."

Watu wakaanza kucheka tena, kwa kuchanganyikiwa. Ndipo akainua kichwa.

"Mnacheka. Miaka yote mnasema Mzee anaomba na jicho wazi. Sasa ninyi mlinionaje?"

Nakuambia hata watoto waliinamisha vichwa. Mimi mwenyewe niliangalia viatu vyangu. Kanisa zima, kuanzia kwaya mpaka mlango, kila mtu alikuwa akitafuta mahali pa kuweka macho.

Mchungaji ndiye aliyetuokoa. "Mzee," akauliza taratibu, "kule hospitali walisema una nini, hasa? Maneno yenyewe."

"Walisema ni mtoto wa njisho."

Mchungaji akaziba mdomo na mkono. Mabega yakamtikisika. Alipoweza kusema, akatuelezea, neno kwa neno, vile huko kwao hata mtoto mdogo anajua kwamba mtoto wa jicho ni ukungu wa machoni na hana mama. Nikamsikia mke wa mzee kando yangu akivuta pumzi.

"Nimelala kwa Mama Wambui," akasema, si polepole, "kwa sababu ya ukungu?"

Na Shiko akasimama. Hakupaza sauti. "Mimi nimewapikia chai kwenye matanga ya watu wenu wote," akasema. "Mkitoka hapa mtapita kwangu, mtakunywa, na hakuna atakayesema ameshiba." Tulipita. Tulikunywa tumesimama kwa foleni, wazee wa baraza mbele, na kila mmoja alimwomba msamaha kikombe mkononi. Mzee na mke wake ndio pekee walioketi, kiti kimoja, bega kwa bega.

Mara ya mwisho nilipokaa naye vizuri ilikuwa baada ya hospitali, wakati kahawa ilikuwa imechumwa na watu wamepumzika. Nilimsikia langoni.

"Hodi! Mbwa amefungwa?"

"Hajafungwa," nikasema. "Mnyororo umekatika, Mzee. Simba ako tu hapo nyuma ya ghala. Ngoja nimwite Wambui."

Niliona ncha ya mwavuli juu ya ua. Niliona inazunguka kurudi njiani, ikasimama, ikarudi. Lango likafunguka.

"Bwana asifiwe, Mama Wambui," akasema, na akaingia. Uso ulikuwa na jasho, lakini macho yote mawili yalikuwa meusi na yanang'aa kama ya kijana. Alikuwa amekuja kunishukuru kwa kumlaza mke wake.

Nikampa chai. Nikamwuliza kisu kilikuwaje.

"Niliogopa," akasema. "Usidhani sikuogopa. Niliogopa kutoka lango la hospitali mpaka mwisho. Wakanifunika uso wote na kitambaa. Nikatafuta jicho la kuangalia mlango, hakuna. Nikasema, haya Mungu, leo ni wewe na mimi tu. Ndirangu hayuko." Akacheka kidogo. "Nilikuwa nimeokoka miaka mingi, Mama Wambui. Lakini nafikiri tulijuana siku hiyo."

Kisha akasema tuombe kabla hajaenda. Akasimama, akaweka mwavuli chini. Akafunga la kulia. Nikangoja. Akafunga la kushoto.

Aliomba maneno machache, yake mwenyewe, bila kunguruma. Katikati, Simba akaja kutoka nyuma ya ghala. Mbwa mkubwa, yule aliyemng'ata mtu wa kusoma mita ya stima. Akanusa mwavuli. Akanusa kiatu. Akageuka mara moja akalala juu ya kile kiatu, kwa uzito wake wote. Suruali ya mzee ilianza kutetemeka mpaka nikaona mikunjo inacheza. Sauti ikapanda, ikashuka, ikamtaja mke wake, ikanitaja mimi, ikamtaja Gathogo. Macho hayakufunguka.

"Amina," akasema mwishowe, bado ameyafumba. "Mama Wambui, hii kitu juu ya mguu wangu ni Simba ama ni paka?"

"Ni Simba, Mzee. Tangu katikati ya maombi."

"Na wewe umejuaje?"

Akafungua macho, akanitazama kwa lile jicho jipya, kisha akamtazama Simba, na hakusogeza mguu.

"Omba wewe sasa," akaniambia. "Yafunge yote. Mimi nitakuangalilia mbwa."

Nikafunga. Nilimsikia Simba akihema, na mzee akihema, na sikuweza kujua ni nani anayehema haraka zaidi. Lakini hakuna aliyeondoka.